Njiwa Akifukuzwa, Papasi Hubaki

Katika majengo mengi ya zamani ya Berlin, hasa yale yaliyojengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wapo wakazi walioamka asubuhi na vivimbe vyekundu mikononi na shingoni bila kujua ni nini kilichowauma. Aliyewauma ni papasi wa njiwa, ambaye wanasayansi humwita Argas reflexus. Mdudu huyu hukaa katika nyufa za dari na kuta zilizo karibu na viota, hutoka gizani, hufyonza damu kwa muda usiofika usiku mzima, kisha hurudi ufani kabla ya mapambazuko. Njiwa akiwapo, papasi hana shida na mtu. Shida huanza siku njiwa anapofungiwa nje kwa wavu au bati jipya. Papasi hubaki ndani akiwa na njaa, na papasi mzima anaweza kustahimili miaka kadhaa bila kula. Hatimaye hufuata joto la mwili uliolala chumba cha chini. Ndiyo maana mpangaji aliyehamia juzi anaweza kuumwa na mdudu aliyeachwa na ndege ambao yeye hakuwahi kuwaona. Habari za namna hiyo zimeandikwa Poland na kaskazini mwa Italia pia. Kwa watu wengi matokeo ni mwasho na uvimbe wa siku chache. Lakini kwa wale ambao miili yao imejenga mzio dhidi ya mate ya papasi, kuumwa mara moja tu kunaweza kushusha shinikizo la damu ghafla na kubana pumzi, na bila tiba ya haraka maisha huwa hatarini.

Papasi huyu anatufundisha jambo ambalo mazungumzo yetu kuhusu njiwa wa mitaani huliruka. Kila wanapozidi juu ya paa la soko, ghala au hospitali, swali linaloulizwa ni moja: tutawaondoaje? Wengine hutaja sumu, wengine mitego, wengine hupanda na kuziba matundu yote kwa siku moja. Mimi naona swali limeanzia mwisho. Vimelea vya njiwa, kwa sehemu kubwa, vimefungamana na njiwa mwenyewe na haviwezi kuishi kwa binadamu. Vile vichache vinavyoweza kutudhuru havikai mwilini mwa ndege. Vinakaa ndani ya kiota na pembezoni mwake, na hutugeukia pale mwenye kiota anapotoweka. Kwa hiyo anayeanza kwa kumwondoa ndege na kuacha kiota amejitengenezea mwenyewe tatizo alilokuwa akiliogopa.

Tuwaangalie kwanza chawa, kwa kuwa ndio wanaowatia watu kinyaa zaidi mtu anapomshika njiwa na kukunjua bawa lake. Njiwa ana chawa wa aina kadhaa, na wawili wanajulikana vizuri kuliko wengine. Mmoja ni mwembamba na mrefu, Columbicola columbae, ambaye hujibanza katikati ya nyuzi za manyoya ya bawa kiasi kwamba jicho lisilozoea halimwoni. Wa pili ni mnene na mfupi, Campanulotes compar, ambaye hujificha ndani ya manyoya laini ya mwili. Wote wawili hula manyoya, hasa malaika laini yaliyo karibu na ngozi. Hawafyonzi damu ya mtu, hawana meno ya kuichana ngozi yake, na wakitengwa na njiwa hufa baada ya siku chache. Mtu aliyetembewa na chawa wa njiwa mkononi amepata usumbufu, basi. Hakuna ukoo wa chawa hao utakaoanzia kichwani mwake.

Ufungamano huo umepimwa kwa majaribio ya kuvutia mno katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, ambako Dale Clayton, Sarah Bush na wenzao wametumia miongo wakichunguza njiwa na chawa wao. Waligundua kwamba silaha kuu ya njiwa ni mdomo wake. Ncha ya mdomo wa juu hupita ule wa chini kwa milimita moja au mbili, na kinundu hicho kidogo ndicho kinachombana na kumsaga chawa njiwa anapochambua manyoya yake. Watafiti walipokikata, njiwa waliendelea kula vizuri kama kawaida, ila chawa waliongezeka sana. Katika jaribio jingine waliwahamishia chawa wa njiwa wa kawaida kwenye njiwa wakubwa wa kufugwa. Baada ya miaka 4, ambayo kwa chawa ni kama vizazi 60, chawa waliokuwa juu ya njiwa wakubwa walikuwa wamekua kiasi cha kushindwa kupandana ipasavyo na wale waliobaki kwenye njiwa wadogo. Chawa waliowekwa kwenye njiwa weupe walizidi kuwa weupe, na wale wa njiwa weusi wakazidi kuwa weusi, kwa sababu njiwa huwaona na kuwaua wale ambao rangi yao inajitokeza. Kiumbe ambaye maisha yake yamefuata kipimo cha unyoya na rangi yake kiasi hicho hawezi kuhamia kwa binadamu kwa bahati tu. Na jaribio la mdomo lina funzo la pili, ambalo nitalirudia: njiwa mwenye afya hujisafisha. Njiwa aliyejaa chawa mara nyingi ni njiwa mgonjwa, mwenye mdomo uliovunjika, au mwenye njaa katika msongamano.

Inzi wa njiwa naye ana sura ya kutisha. Ni bapa, ana kucha za kushikilia manyoya, hukimbia upande upande kama kaa, na ukimfinya kwa vidole hapasuki kirahisi. Jina lake ni Pseudolynchia canariensis, na yumo katika orodha za vimelea vya njiwa waliochunguzwa Kampala katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999. Dume na jike wote hufyonza damu. Jike hatagi mayai mengi kama inzi wa chooni. Hulea buu mmoja tumboni mpaka akomae, kisha humdondosha kwenye kiota au takataka zilizo karibu, ambako hugeuka kuwa punje ngumu nyeusi na kungoja wiki kadhaa kabla ya kutoka na mabawa. Inzi huyu anaweza kumuuma mfugaji, na huuma kwa maumivu, lakini damu ya mtu haimwezeshi kuendeleza uzao wake. Chawa wa mabawa humtumia kama usafiri: hung'ang'ania miguu yake na kubebwa hadi kwa njiwa mwingine. Katika damu ya njiwa inzi huyu hupandikiza kimelea kiitwacho Haemoproteus columbae, jamaa wa mbali wa vimelea vya malaria. Ndugu wawili Wafaransa, Edmond na Étienne Sergent, walionyesha nchini Algeria mwaka 1906 kwamba inzi huyu ndiye msambazaji. Kimelea hicho hakiwezi kuishi katika damu ya binadamu. Hata hivyo kinatudai shukrani, kwa kuwa wataalamu wa mwisho wa karne ya 19 walijifunza mengi kuhusu maisha ya malaria kwa kuchungulia damu ya ndege kabla ya kuielewa damu yetu.

Kwa hiyo chawa ni wa njiwa, inzi ni wa njiwa, na kimelea cha damu ni cha njiwa. Wanaobaki ni papasi na utitiri, na hapa wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa sana. Kila aliyefuga kuku wa kienyeji anajua kinachotokea kuku akimaliza kuatamia na kushuka na vifaranga wake: ukitia mkono kwenye kiota kile kukusanya mayai viza, utitiri hupanda hadi kiwikoni. Kuku alipokuwa amelala pale, ulikuwa ukila kwake. Utitiri mwekundu, Dermanyssus gallinae, una tabia hiyohiyo kwa njiwa. Mchana hujificha kwenye takataka za kiota, usiku hupanda kufyonza damu, na makinda yakiruka huanza kutafuta. Madaktari wa ngozi wa nchi nyingi wamekutana na wagonjwa wenye vipele visivyoeleweka majumbani, maofisini na hata wodini, na uchunguzi ukaishia kwenye kiota kilichohamwa nyuma ya kiyoyozi au juu ya kingo ya dirisha. Wagonjwa hao hupewa dawa ya upele mara mbili, mara tatu, bila nafuu, kwa kuwa mdudu haishi kwenye ngozi yao na hakuna mafuta ya kupaka yanayoweza kumfikia nyuma ya kiyoyozi.

Neno papasi linatisha katika ukanda wetu, na lina haki ya kutisha. Homa ya papasi imeua watu wengi katika nyumba za udongo za bara. Daktari Mwingereza Everett Dutton, aliyekuwa akiichunguza huko Kongo, aliugua homa hiyohiyo na kufariki Kasongo mwaka 1905. Bakteria wa homa hiyo leo anabeba jina la Dutton. Lakini papasi wa homa hiyo, Ornithodoros moubata, ni spishi nyingine kabisa, anayeishi sakafuni na kwenye nyufa za nyumba za watu na kula damu ya watu. Papasi wa njiwa ni wa Ulaya na maeneo ya jirani, na madhara yake makubwa yaliyothibitika kwa binadamu ni mzio. Katika ukanda wetu jamaa zake wa jenasi ya Argas hupatikana zaidi kwenye mabanda ya kuku. Ninasisitiza tofauti hii kwa sababu woga wa kweli ukihamishiwa kwa mdudu asiyehusika, fedha na juhudi nazo huhama pamoja nao.

Hapa kuna pingamizi zito, na sitaki kulipita juujuu. Mtu atasema: achana na wadudu, habari ni kinyesi. Ni kweli. Mwaka 1955 mtafiti Mmarekani Chester Emmons alionyesha kwamba kuvu aina ya Cryptococcus neoformans hustawi katika viota na kinyesi cha njiwa. Kuvu huyo akivutwa na pumzi na mtu ambaye kinga yake imeshuka, anaweza kufika kwenye ubongo na kusababisha homa ya uti wa mgongo. Kwa bara letu hili si jambo la pembeni. Makadirio ya mwaka 2020 yanasema homa hiyo iliwaua watu wapatao 112,000 duniani wenye VVU, takribani 19 kati ya kila vifo 100 vinavyotokana na UKIMWI, na wengi wao waliishi kusini mwa Sahara. Mwandishi anayewatetea njiwa bila kutaja idadi hiyo atakuwa hakuwatendea haki wasomaji wake.

Lakini tuifuate hoja hiyo mpaka mwisho wake. Kwanza, kuvu huyo haishi kwa njiwa peke yake; amepatikana kwenye udongo na kwenye miti, ikiwemo miti ya mopane ya kusini mwa Afrika, mbali na paa lolote. Mji usio na njiwa hata mmoja bado ungekuwa na kuvu. Kinachookoa maisha ya mgonjwa ni kupimwa mapema, dawa za kufubaza VVU na dawa za kuvu, na hakuna mtego wa njiwa unaoziba pengo hilo. Pili, njiwa mwenyewe huugua kuvu huyo kwa nadra, kwa kuwa joto la mwili wake, nyuzi 41 au 42, humzuia kuvu kustawi. Mahali pake ni kinyesi kilichorundikana na kukauka, hasa penye kivuli. Tatu, na hapa ndipo uzito ulipo, vumbi hilo huingia mapafuni pale linapotimuliwa: fundi anapofumua dari, mfagiaji anapokwangua rundo kavu kwa ufagio, mashine inapobomoa ghala. Kwa maneno mengine, hata hatari iliyo kubwa kuliko zote zinazotajwa kuhusu njiwa ni hatari ya masalia yake, na hufikia kilele siku ya kumwondoa ikiwa kazi inafanywa ovyo. Anayetumwa kusafisha dari bila barakoa wala maji ya kulowanisha kinyesi amewekwa kwenye hatari ambayo miaka kumi ya kupita chini ya njiwa wale isingemletea.

Ukubwa wa hatari hiyo kwa jumla umewahi kupimwa. Daniel Haag-Wackernagel wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, pamoja na mwenzake Holger Moch, walipitia maandiko ya kitabibu ya tangu mwaka 1941 hadi 2003 na kukusanya visa 176 vya watu walioambukizwa maradhi na njiwa wa mitaani. Ni kweli kwamba visa vingi haviandikwi, na katika nchi zenye maabara chache huandikwa vichache zaidi. Ongeza basi mara kumi, hata mara mia, na bado idadi hiyo itakuwa ndogo ukiilinganisha na mamilioni ya watu wanaoishi, kula na kufanya biashara katikati ya njiwa kila siku katika kipindi cha zaidi ya miaka 60. Watafiti hao walihitimisha kwamba hatari kwa mtu mwenye afya ni ndogo sana, na kwamba wenye kinga dhaifu ndio wanaostahili kulindwa zaidi. Hitimisho hilo linatuelekeza pa kuanzia: madirisha ya wodi, matundu ya viyoyozi vya kliniki, matangi ya maji ya hospitali. Halituelekezi kumwaga sumu uwanjani.

Atatokea mwingine aseme: sawa, tutaua njiwa wote kisha tutasafisha viota vyote, na tatizo litakwisha. Basel ilijaribu nusu ya mpango huo kwa muda mrefu. Kati ya mwaka 1961 na 1985 waliuawa njiwa wapatao 100,000 katika mji huo, na bado idadi yao ilibaki karibu 20,000. Sababu si ya ajabu. Idadi ya njiwa huamuliwa na chakula. Ukiua nusu, waliobaki hupata mgao maradufu, makinda yao mengi zaidi huishi, na wengine huja kutoka vitongojini kujaza nafasi. Jike hutaga mayai mawili, huatamia siku 18 hivi, na makinda huruka yakiwa na umri wa mwezi mmoja. Penye chakula cha mwaka mzima anaweza kurudia mara tano au zaidi. Hakuna mshika bunduki wa halmashauri anayeweza kushindana na hesabu hiyo. Mwaka 1988 mji ulibadili njia. Watu walielezwa kwa mabango, vijitabu na magazeti kwamba kuwalisha njiwa kunawaumiza njiwa wenyewe, na vikajengwa vibanda vichache vinavyosimamiwa, ambamo mayai na kinyesi viliondolewa mara kwa mara. Ndani ya miaka michache idadi ilishuka kwa takribani nusu.

Kwa upande wa vimelea, tofauti kati ya njia hizo mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye hesabu ya vichwa. Mauaji huacha viota vingi vyenye mayai na makinda yanayokufa yakingoja mzazi, kila kimoja kikiwa na utitiri uliokosa mwenyeji usiku uleule. Kupungua kwa chakula huacha njiwa wachache wasiosongamana, wenye nafasi ya kuchambua manyoya yao, na viota vichache vinavyofahamika vilipo. Njia ya kwanza hutawanya vimelea na ya pili huvikusanya mahali vinapoweza kufikiwa.

Mbona basi kunguru tunawaua? Swali hilo huja haraka Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, na ni swali la haki. Kenya ilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka 2024, na Tanzania imewahi kuwatilia sumu kwa kampeni baada ya kampeni. Kunguru wa Kihindi ni mgeni aliyeenea kwa kuvamia: hula mayai na makinda ya ndege wengine, na pwani yetu imepoteza sauti nyingi kwa sababu yake. Hoja dhidi yake inasimama juu ya anachokifanya akiwa hai. Hoja ya vimelea dhidi ya njiwa haina mguu huo, na kuazima sera ya ndege mmoja kwa mwingine kwa kuwa wote wako juu ya paa moja ni uvivu wa kufikiri. Tena katika kampeni za kunguru somo la chakula linajirudia: mahali ambapo jaa halijafungwa, kunguru hurudi.

Suala la kulisha linagusa imani, na lijadiliwe kwa heshima. Kwa Waislamu wengi wa pwani njiwa ana hadhi. Simulizi ya pango la Thaur inamtaja pamoja na buibui, na njiwa wa Makka hawaguswi. Wakristo nao wanamjua tangu safina ya Nuhu. Mtu anayemwaga kikombe cha mtama alfajiri anatafuta thawabu, na simlaumu kwa nia yake. Ninachomwomba akiangalie ni kile kinachofuata. Kundi la mamia linalokula mahali pamoja na kunywa dimbwi moja ndilo soko la Trichomonas gallinae, kimelea cha chembe moja kinachokaa kooni mwa njiwa. Mzazi humlisha kinda maziwa mazito yanayotengenezwa katika mfuko wa chakula ulio shingoni, na kwa maziwa hayohayo humpa kimelea. Koo la kinda huota utando wa njano unaofanana na jibini, ukaziba njia ya chakula na hewa, na kinda hufa kwa njaa huku mzazi wake akiwa mbele yake na chakula. Kimelea hicho hakimwambukizi binadamu. Madhara yake yote yanawaangukia ndege, na mwanzo wake mara nyingi ni ukarimu wetu. Chakula kikubwa zaidi, hata hivyo, hakitoki kwenye vikombe vya wacha Mungu. Kinatoka kwenye nafaka inayomwagika mbele ya mashine za kusaga, maghala na maroli, ambayo hakuna anayeifagia kwa kuwa hakuna anayeihesabu kuwa hasara yake.

Kimelea hiki ndicho kinachonifanya nikatae pia msimamo wa pili, ule wa kusema njiwa waachwe kabisa. Huko Mauritius, kisiwa kilichompoteza dodo, ambaye naye alikuwa wa ukoo wa njiwa, njiwa wa waridi alibakiwa na ndege wapatao 10 tu porini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Juhudi za miaka mingi zimewafikisha kwenye mamia, lakini Trichomonas gallinae bado huua makinda yao kwa wingi, na njiwa na hua walioletwa kisiwani ni ghala la kimelea hicho. Nchini Uingereza, kuanzia mwaka 2005, kimelea hicho kiliwarukia ndege wadogo wa jamii ya chiriku wanaokula kwenye vibao vya chakula bustanini na kuwapunguza vibaya. Katika nchi za Ghuba, wafugaji wa mwewe wa kuwindia wanaujua ugonjwa huo vizuri, kwa kuwa njiwa mbichi aliyetoka kuchinjwa humpitishia mwewe kimelea kilicho kooni mwake. Kumgandisha njiwa kwenye friza kwanza hukiua. Katika visa vyote hivi anayedhurika ni ndege mwingine, na pale penye ndege adimu kama Mauritius, kuwadhibiti njiwa wageni kwa nguvu zote ni haki. Ni sababu tofauti na ile inayotajwa sokoni, na mahali pake ni tofauti.

Kwa jengo la kawaida la mjini, utaratibu hauhitaji mtaalamu kutoka mbali. Dari ikaguliwe kwanza na ijulikane kama kuna makinda. Yakiwepo, yangojwe yaruke, maana ni suala la wiki chache. Kisha kinyesi na viota vilowanishwe vizuri, vikusanywe na mtu aliyevaa barakoa na glavu, vifungwe kwenye mifuko na kuondolewa siku hiyohiyo. Nyufa zinazozunguka viota zisafishwe na zipuliziwe dawa ya wadudu kabla ya matundu kuzibwa, kwa kuwa ukiziba kwanza umeufungia utitiri ndani pamoja nawe. Wavu na mabati vije mwisho. Zabuni nyingi za kufukuza njiwa hulipia wavu peke yake, kwa kuwa ndio unaoonekana na mwenye jengo akisimama chini barabarani. Mkataba unaolipia wavu bila kulipia kusafisha haufai kusainiwa.

Na kabla ya mtu yeyote kupanda ngazi, atazame vizuri ni ndege gani aliyeko kule juu. Njiwa wa mitaani ni mjukuu wa njiwa wa kufugwa, Columba livia, ambaye asili yake ni miamba ya Ulaya, Afrika Kaskazini na Asia ya Magharibi. Lakini katika miji kama Nairobi na Arusha yuko pia Columba guinea, njiwa wa asili wa Afrika mwenye madoa meupe mabawani na ngozi nyekundu kuzunguka macho, ambaye alizoea majabali kabla ya kuzoea maghorofa. Huyo hakuletwa na mtu. Sheria za wanyamapori humhesabu tofauti na njiwa aliyetoroka bandani, na kiota chake hakipaswi kuguswa kwa sababu tu mtu amesikia habari ya papasi wa Berlin.